Gari Lisiloitika na Mwanafunzi Asiyejibu

Swali ambalo walimu wanachuo hutuuliza mara nyingi kuliko yote, wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, ni hili: afanyeje mwalimu na mwanafunzi asiyejibu? Ameitwa kwa jina lake, ameulizwa swali lililo wazi, darasa zima limemgeukia, naye anatazama dawati lake kana kwamba hakuambiwa neno. Kwa miaka mingi tumezoea kulijibu swali hili kwa maneno ya vitabuni: mwalimu ampe moyo, alirahisishe swali, atumie zana. Majibu hayo si mabaya. Lakini hivi karibuni tulipata sababu ya kuyafikiri upya, nayo haikutoka kitabuni bali katika gari letu wenyewe, gari dogo kuukuu ambalo siku moja liliacha kuitika lilipoitwa na ufunguo wake. Tunawaomba wasomaji watuvumilie tukianza na habari za gari, maana bila hizo, habari ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu, haitaeleweka vyema.

Magari mengi ya siku hizi hufunguliwa kwa rimoti iliyo katika kichwa cha ufunguo. Jambo hili si jipya sana. Gari la Kifaransa la Renault Fuego lilikuwa na ufunguo wa namna hiyo tangu mwaka 1982, ingawa huo ulitumia miale ya mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti za leo hutumia mawimbi ya redio: yapata megahezi 433.92 kwa magari ya Ulaya, na karibu megahezi 315 kwa magari ya Marekani na mengi ya Japani. Kitufe kinapobonyezwa, rimoti hurusha namba ya siri hewani. Kisanduku kidogo kilichofichwa ndani ya gari, ambacho mafundi hukiita moduli, huipokea namba hiyo na kuichunguza. Kikiridhika, huamuru mota ndogo zilizo milangoni zivute makufuli. Namba yenyewe hubadilika kila mara kitufe kibonyezwapo, ili mwizi aliyeinasa ya jana asiweze kuirudia leo na kufungua mlango.

Letu lilianza kukataa asubuhi moja. Tulibonyeza kitufe, taa hazikumetameta, milango haikulia. Tulibonyeza tena na tena, kwa nguvu zaidi kila mara, kama mtu anayedhani kwamba kiziwi atasikia akipigiwa kelele. Hatimaye tuliingiza ufunguo wenyewe katika tundu la mlango wa dereva, ukafunguka. Gari likawaka bila taabu, kwa kuwa kile kidude cha ulinzi kinachoruhusu injini iwake hakitegemei betri ya rimoti. Chenyewe hupata nguvu kutoka katika koili iliyoizunguka swichi ya kuwashia. Tukaenda zetu.

Siku ya tatu tulipita kwa fundi mmoja mjini. Alichukua ufunguo, akabonyeza mara mbili, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," alisema, "moduli imekufa. Hii haitengenezeki. Agiza nyingine."

Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya mshahara wetu wa mwezi. Hatukumwuliza neno. Alikuwa fundi, na sisi tulikuwa na haraka. Tukaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na kwa wiki kadhaa kila aliyetuuliza tulimjibu kwa uhakika wa kitaalamu kabisa, "Moduli imekufa."

Katika hali hiyo tulikwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi. Shule tuliyoifikia siku hiyo ilikuwa mbali na barabara kuu, na mwanachuo aliyekuwa zamu alikuwa akifundisha Hisabati, Darasa la Nne, kujumlisha sehemu zenye asili moja. Tuliketi nyuma ya darasa na fomu yetu ya tathmini gotini. Somo lilianza vizuri. Alikata chungwa, akaonyesha vipande, akaandika ubaoni: 3/8 + 2/8. Kisha akamwuliza mvulana mmoja wa mstari wa nyuma, si mbali nasi. Mvulana akasimama, akanyamaza.

Hapo mwanachuo alifanya jambo lililotushangaza. Badala ya kumkalisha na kumwita mwingine, alimwita mbele hadi ubaoni na kumwambia asome alichokiona. Mvulana alisoma sawasawa, akatoa na jibu: sehemu tano za nane. Akamrudisha mahali pake, akaandika swali jipya kimya kimya, akamtaka alijibu. Kimya. Basi akalitamka swali lilelile kwa mdomo, pasipo kulionyesha. Mvulana akajibu papo hapo. Mwanachuo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kuhesabu, akamwambia mtoto achukue daftari lake akaketi dawati la mbele kabisa. Kisha akaendelea na somo.

Tulitazama saa. Dakika nne zilikuwa zimepita katika kipindi cha dakika 40. Tuliandika katika fomu, chini ya kichwa cha matumizi ya muda: "Muda umepotea kwa mwanafunzi mmoja. Wengine 61 waliachwa bila kazi." Tukampunguzia alama. Mazungumzo ya baada ya somo tuliyafanya chini ya mwembe, naye alisikiliza kwa adabu bila kujitetea. Alisema tu kwamba mtoto yule alikuwa ameandikwa "mzito" katika kumbukumbu za mwaka uliopita, naye alitaka kujua kama ni kweli.

Alitusindikiza hadi garini. Alipotuona tunahangaika na tundu la mlango, aliuliza kwa upole, "Shikamoo tena, Mwalimu, kwani rimoti haifanyi kazi?"

"Marahaba. Moduli imekufa," tulijibu.

"Pole, Mwalimu. Ilipimwaje?"

Tulifungua midomo, tukakosa la kusema. Haikupimwa. Fundi alibonyeza mara mbili akatikisa kichwa, basi. Naye, akidhani labda ameuliza zaidi ya inavyompasa, aliongeza haraka, "Naona hata taa ya ndani haikuwaka ulipofungua mlango." Tukamwambia taa ile iliungua zamani. Tukaagana.

Njia nzima ya kurudi swali lile lilikaa nasi garini kama abiria. Ni lazima tuungame kwa wasomaji kwamba somo tunalofundisha chuoni ni Sayansi. Kila mwaka tunasimama mbele ya wanachuo na kuwaeleza kwamba dhana si ukweli mpaka ijaribiwe. Kumbe tulikuwa tumebeba dhana ya mtu mwingine kwa wiki nzima kadhaa, tumeilipia akiba, na hatukuijaribu hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata tuliazima mita ya umeme kutoka katika maabara ya chuo, tukachukua karatasi, tukaketi kivulini. Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kushika bisibisi, bali kuandika njia nzima ambayo amri hupitia tangu kidole kinapobonyeza hadi kufuli linapofunguka: betri ya rimoti, kitufe, kirushio cha mawimbi, hewa iliyo baina, antena, moduli, umeme unaoilisha moduli, kumbukumbu ya namba za siri, na mwisho mota na nyaya za milangoni. Tulihesabu mahali tisa. Lolote kati ya hayo likikatika, anayesimama nje huona kitu kilekile kimoja: kimya. Fundi alikuwa amechagua moja kati ya tisa, tena la ghali kuliko yote.

Kisha tukaanza kupima, jambo moja baada ya jingine. Kwanza tulihakikisha kwamba milango yote imefungwa barabara na kwamba hakuna ufunguo katika swichi, kwa maana magari mengi yameundwa kutoitii rimoti katika hali hizo, na huo si ubovu. Hali ilikuwa sawa, gari halikuitika.

Pili tulifungua rimoti na kupima betri yake, ile ya duara mfano wa sarafu. Ikiwa mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Yetu ilitoa 2.6. Tulifurahi, tukadhani tumemaliza kazi. Tuliweka mpya. Gari halikuitika. Hapa twaomba mwalimu asimame kidogo. Betri ile ilikuwa imechoka kweli; hatukukosea kuibadilisha. Lakini kuona kasoro si sawa na kuona sababu. Mtu anayeacha kutafuta kwa kuwa ameona kasoro ya kwanza ataondoka na ushahidi wa kweli na hitimisho la uongo.

Tatu tulileta ufunguo wa pili, uliokuwa umelala mtotoni mwa meza tangu tununue gari, tukautia betri mpya nao. Ukabonyezwa, kimya. Funguo mbili huweza kufa pamoja, lakini si jambo la kawaida. Kwa hiyo tulianza kuondoa macho katika ufunguo na kuyaelekeza kwenye gari. Tulilisogeza hata uwanja wa mpira, mbali na minara na nyumba, iwapo mawimbi mengine yalikuwa yakiyafunika ya kwetu. Hapakuwa na tofauti.

Nne tuliingia ndani na kubonyeza ile swichi ya mlango wa dereva inayofunga milango yote kwa pamoja. Milango minne ikalia kwa mara moja. Basi mota zilikuwa nzima, na nyaya zake, na umeme wake. Kwa kubonyeza mara moja tulikuwa tumefuta sehemu nzima ya karatasi yetu. Yalibaki mambo machache: antena, moduli yenyewe, kumbukumbu yake, au umeme unaoilisha.

Hapo ndipo tulipoikumbuka ile taa ya ndani. Tuliichomoa balbu na kuipima kwa mita. Uzi wake ulikuwa mzima! Taa ambayo tulisema kwa miezi mingi kwamba imeungua haikuwa imeungua hata kidogo. Ilikuwa haipati umeme. Kisha tukakumbuka la tatu: saa ya redio ilikuwa ikijisahau kila tulipozima injini, nasi tulisema imechakaa. Vitu vitatu vilikuwa vimenyamaza, na kila kimoja tulikuwa tumekipa ugonjwa wake peke yake: taa imeungua, saa imechakaa, moduli imekufa. Hatukuwahi kuviweka pamoja na kuuliza, vina nini kinachovihusu vyote?

Jibu lilikuwa limeandikwa katika kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, chini ya usukani. Fyuzi moja ya ampea 10 ililisha taa ya ndani na saa, na katika gari letu ililisha na moduli ile pia. Tuliichomoa. Uzi wake ulikuwa umekatika.

Tulitia nyingine ya ampea 10. Taa ikawaka. Tulitoka nje, tukafunga mlango, tukabonyeza rimoti. Kimya bado! Tukabonyeza mara ya pili, na gari likaitika: taa zikametameta, makufuli yakalia. Baadaye tulielewa kwa nini halikuitika mara ya kwanza. Wakati moduli ilipokuwa haina umeme sisi tulikuwa tukibonyeza ovyo, na hesabu ya rimoti ikaendelea mbele huku ya gari ikiwa imesimama. Katika mifumo mingi ya aina hii gari lililoachwa nyuma namna hiyo halimwamini mwitaji kwa wito mmoja. Husubiri wito wa pili unaofuatana na ule wa kwanza, ndipo lilinganishe hesabu yake upya.

Kazi ilikuwa haijaisha. Fyuzi haikatiki kwa kupenda. Hukatika kwa kuwa imekataa kupitisha umeme uliozidi, na kwa kukatika huko huzuia moto. Tulifungua buti ili turudishe vifaa, na papo hapo taa ya ndani ikazimika. Fyuzi mpya ilikuwa imekatika nayo. Bahati mbaya ile ilikuwa bahati njema, kwa maana ilitwonyesha mahali. Tuliufuata mkusanyo wa nyaya unaopita penye bawaba ya buti. Waya wa taa ya buti ulikuwa umesuguliwa na chuma kila buti lilipofunguliwa na kufungwa, mpaka ngozi yake ikachunika na shaba ikawa wazi. Buti lilipoinuliwa, shaba iligusa bodi la gari, ikapiga shoti. Tulifungua ncha ya hasi ya betri ya gari, tukauvisha waya ule utepe wa umeme na mpira wa kuukinga, tukaufunga mbali na bawaba, tukatia fyuzi ya tatu ya ampea 10. Twaona yafaa kuonya hapa: wako watu ambao fyuzi ikikatika mara mbili hutia ya ampea 30 au kipande cha waya. Huko ni kumziba mdomo anayepiga yowe la moto. Tangu siku hiyo gari linaitika. Moduli haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa, na hakuna aliyeiuliza kama imekula.

Jioni ile hatukulala mapema. Haikuwa kwa furaha ya gari. Tulikuwa tumemkumbuka msichana mmoja.

Tulipoanza kazi ya ualimu tulipewa Darasa la Tatu katika shule ya kijijini. Alikuwako msichana aliyeketi ukutani, upande wa madirisha, ambaye alijibu siku moja na kunyamaza siku tatu. Aliitwa asisimame. Aliagizwa chaki akaleta kifutio, wenzake wakacheka. Tulimwita mara ya pili kwa sauti ya juu, na ya tatu kwa ukali. Mwisho wa mwaka tuliandika katika taarifa yake: "Mzito wa kuelewa, tena ana kiburi." Kwa sehemu kubwa ni kwa maneno hayo alirudia darasa. Mwaka uliofuata mwalimu aliyempokea, mama mtu mzima ambaye hakuwa amesoma zaidi yetu, aligundua katika wiki ya pili kwamba sikio lake la kushoto lilitoka usaha na kwamba kwa upande huo hakusikia karibu chochote. Sisi tulikuwa tukimfundisha kutoka upande wa kushoto mwaka mzima. Siku aliponena nasi kutoka kulia, alijibu. Kila dalili ilikuwa mbele yetu: kujibu leo na kutojibu kesho, kuchanganya maneno yanayofanana urefu, kugeuza kichwa. Kila moja tulikuwa tumeipa jina lake: uzito, uzembe, kiburi. Hatukuziweka pamoja. Tulibonyeza kwa nguvu, tukatikisa kichwa, tukasema moduli imekufa.

Yule msichana alipotezewa mwaka mmoja wa maisha yake, na hakuna fyuzi iwezayo kuurudisha. Zaidi ya hayo, hata baada ya kuhamishwa upande, ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kuinua mkono. Tulidhani wakati ule kwamba amezoea uvivu. Leo tunaona kwamba mtoto aliyeita na kuitwa muda mrefu bila kusikilizana na mwalimu wake hawezi kumwamini kwa wito mmoja. Yampasa mwalimu aite tena.

Basi, ndugu mwalimu mwanachuo, tumpe jibu gani yule aulizaye kuhusu mwanafunzi asiyejibu? Twasema hivi: usianze kwa kumtibu, wala usianze kwa kumhukumu. Anza kwa kuandika njia nzima ambayo swali lako hupitia mpaka liwe jibu. Je, sauti yako imemfikia? Je, ubao anauona? Je, lugha uliyotumia anaijua? Je, amekula leo? Je, alilala? Je, somo la jana, ambalo la leo limejengwa juu yake, alikuwepo? Je, anajua jibu lakini anaogopa kuchekwa? Ukimya ni mmoja, njia zinazouleta ni nyingi. Kisha pima, jambo moja kwa wakati mmoja, ukianza na lile lililo rahisi na lisilomwaibisha mtoto. Mhamishe dawati kabla ya kumhamisha darasa. Mwulize kwa mdomo kile alichoshindwa kusoma. Mwandikie kile alichoshindwa kusikia. Ukiona kasoro moja, irekebishe, lakini rudi uone kama sasa anajibu. Ikiwa bado, endelea kutafuta. Ukigundua kwamba ni jicho au sikio, kazi yako ni kuwaita wazazi na kuwaelekeza katika kituo cha afya, kwani mwalimu si tabibu. Lakini mara nyingi ni mwalimu anayeona kwanza.

Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey, katika kitabu chake kuhusu namna binadamu wanavyofikiri, kilichotoka mwaka 1910, alizitaja hatua tano za fikra timamu: kuhisi tatizo, kulibainisha lilipo, kukisia ufumbuzi, kuyapima kwa akili matokeo ya kisio hilo, na kulithibitisha au kulikataa kwa kuchunguza na kujaribu. Twazifundisha hatua hizi kila mwaka, na wanachuo huziandika vizuri katika mitihani. Twahofu kwamba wengi wetu, walimu na mafundi, huruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu na kukaa hapo.

Njia hii yaweza kufundishwa kwa watoto wenyewe bila gharama kubwa. Chukua tochi ya betri mbili. Kabla ya kipindi, tia kasoro ndani yake kwa siri: geuza betri moja kichwa chini, au weka kipande cha karatasi baina ya betri na balbu. Wape wanafunzi wa madarasa ya juu katika vikundi, pamoja na betri nzima moja na balbu nzima moja za kulinganishia. Sharti liwe moja tu: kila kikundi kiandike kinachodhani kabla ya kugusa, na kibadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kirudishe kama hakikusaidia. Watakaobadilisha vyote kwa pamoja wataiwasha tochi haraka, lakini waulize: ni nini kilichokuwa kibovu? Hawatajua. Somo lenyewe ndilo hilo. Siku nyingine tia kasoro mbili katika tochi moja, uone wangapi watakata tamaa baada ya kurekebisha ya kwanza.

Jumatatu tulirudi katika ile shule. Fomu ya tathmini ilikuwa bado mkononi mwetu. Tulimwita mwanachuo, tukampa taarifa ya gari tangu mwanzo hadi mwisho, naye alicheka alipofika penye buti. Kisha mbele yake tulikata kwa kalamu sentensi yetu kuhusu muda uliopotea, tukatia sahihi pembeni, na mahali pake tukaandika: "Alimpima mwanafunzi asiyejibu kwa majaribio matatu katika dakika nne, akagundua kwamba haoni ubao." Alama tuliirudisha. Mkuu wa shule naye alikubali kulifuta lile neno "mzito" katika kumbukumbu za mvulana.

Mtoto tulimkuta dawati la mbele, ameinamia daftari. Wazazi wake wamekwisha kumpeleka akapimwe macho, na ameandikiwa miwani. Fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya moduli nayo imepata kazi nyingine, ambayo haina haja ya kusimuliwa hapa.